Wazazi na Watoto Katika Safari Ndefu

Somo juu ya Amri ya Nne ya Mungu

Katika somo lililopita tulieleza yale yawapasayo watoto kwa wazazi wao, yaani heshima, upendo na utii. Lakini Amri ya Nne haiwahusu watoto peke yao. Mungu aliyemwamuru mtoto amheshimu baba na mama, ndiye aliyewakabidhi baba na mama mtoto huyo, naye atawauliza habari zake. Basi leo twataka kusema juu ya kazi ya wazazi, tena kazi moja isiyotajwa mara nyingi kanisani: kuwatunza watoto katika safari ndefu.

Labda mmoja wenu atasema, "Safari ni jambo la dunia; yatufaa nini kulisikia katika mafundisho ya dini?" Twajibu hivi: watoto wetu husafiri nasi mara nyingi. Twawapeleka kwa nyanya yao shule zikifungwa. Twaenda nao harusini na matangani. Na katika nchi yetu jamaa nyingi zimesafiri si kwa kupenda, bali kwa kukimbia vita. Njiani mtoto huwa hana mlango wa kujificha, wala jirani wa kumlilia. Ana baba yake na mama yake tu. Kwa hiyo njiani, kuliko mahali pengine, huonekana kama wazazi wanaijua kazi yao.

I. Jamaa Takatifu safarini

Tutazame kwanza mfano wa Yezu, Maria na Yosefu. Injili ya Mtakatifu Luka yatuambia kwamba kila mwaka wazazi wa Yezu walikwenda Yeruzalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Toka Nazareti mpaka Yeruzalemu ni zaidi ya kilometa 100, na kwa miguu ni mwendo wa siku tatu au nne. Watu wengi wa Galilea walishuka kwanza katika bonde la mto Yordani, ambako joto ni kali sana, kisha toka Yeriko wakapanda mlima mrefu mpaka mji mtakatifu. Ninyi mliopanda toka bonde la Ruzizi mpaka Bukavu, mwafahamu vema mlima kama huo jinsi ulivyo, hasa kwa miguu midogo.

Yezu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, sikukuu ikaisha, watu wakaondoka, naye akabaki nyuma. Wazazi wake walidhani yumo katika msafara. Wakaenda mwendo wa siku nzima, ndipo wakamtafuta kwa ndugu na rafiki, wasimwone. Wakarudi Yeruzalemu, na baada ya siku tatu wakamkuta Hekaluni, ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza.

Sisi twajua kwamba Yezu alibaki kwa sababu ya mambo ya Baba yake wa mbinguni. Lakini tuwatazame Maria na Yosefu. Hawakuwa wazazi wavivu, wala hawakumpenda mtoto wao kidogo. Hata hivyo siku nzima ilipita. Basi mzazi asiseme, "Jambo hili haliwezi kunipata, kwa kuwa nawapenda watoto wangu." Mapenzi bila macho hayatoshi safarini.

Tena tuangalie waliyoyafanya. Hawakungoja kesho, bali walirudi nyuma, ingawa kurudi kulikuwa kupoteza mwendo wote wa siku ile. Wala hatusikii kwamba mmoja alimlaumu mwenzake. Bikira Maria alipomwambia Mwanawe uchungu wao, alitaja kwanza uchungu wa Yosefu, kisha wake mwenyewe. Naye Yezu alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii.

II. Yale tuliyoyaona kwa macho yetu

Yatupasa sasa kuungama jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri kwa kamiyo katika barabara ifuatayo ufuko wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Uvira. Yalikuwa majira ya mvua. Mito mingi hushuka huko toka milimani, na siku ile mto mmoja ulikuwa umejaa, hata ikatubidi kungoja nusu ya siku maji yapungue. Juu ya mizigo walikaa watu wengi, na kati yao mume na mke wenye watoto watano, waliokwenda matangani. Mama alimshika mtoto mchanga, baba alishika magunia.

Alasiri tukasimama penye soko dogo, watu wanunue ndizi na samaki wakavu. Shofere akapiga honi, watu wakapanda mbio, tukaondoka. Tulipokwisha kwenda muda mrefu, mama akageuka akauliza, "Wa tatu yuko wapi?" Baba akajibu, "Si yuko kwako?" Wakatazamana. Alikuwa mtoto wa kiume, umri wake miaka sita.

Baba akalipiga bati la kamiyo mpaka ikasimama. Lakini shofere hakutaka kurudi. Alisema usiku unaingia, na mito iliyo mbele itajaa tena. Wasafiri wengine wakanung'unika, kila mmoja akataja haraka yake. Nasi, wapenzi wasikilizaji, tulinyamaza. Watu walitungoja kwa Misa ya kesho katika kijiji cha mbali, tukajiambia moyoni kwamba haraka yetu ni haraka ya Mungu.

Ndipo akasimama mama mmoja mzee, ambaye hakuwa Mkristu. Akautupa mzigo wake chini barabarani, akasema, "Mimi nashuka pamoja na baba huyu. Tutakwenda kwa miguu. Ninyi endeleeni, mkalale vizuri." Hakusema neno lingine. Watu wote wakaona haya, na shofere akageuza kamiyo.

Tulimkuta mtoto giza limekwisha kuingia. Aliifuata kamiyo kwa miguu mpaka sauti yake ikakauka kwa kulia. Mwanamke mmoja aliyetoka kutafuta kuni alimwona, akamwuliza jina la baba yake, naye akajibu, "Baba." Akamwuliza kwao ni wapi, akajibu, "Nyumbani." Basi mwanamke yule akautua mzigo wake wa kuni, akaketi naye kando ya barabara, ingawa watoto wake mwenyewe walimngoja na njaa. Alituambia, "Nilijua aliyemzaa atarudi."

Baba aliinua mkono ampige mtoto kwa sababu ya hofu iliyomjaa. Kisha mkono ukashuka, ukakaa begani mwa mtoto. Mama hakuweza kusema.

Nasi tulifika kwenye Misa ile tukiwa tumechelewa sana, na Wakristu walitungoja bila kunung'unika. Toka siku ile hatuwezi kusoma Injili ya Yezu kupotea pasipo kumkumbuka mama yule mzee aliyeutupa mzigo wake. Yeye alitimiza amri ya Mungu. Sisi tuliokuwa tunakwenda kuifundisha tulikaa kimya juu ya magunia.

III. Kabla ya kuondoka

Sasa twataka kuwaeleza yawapasayo wazazi, moja moja.

Kwanza, mjiulize kama inafaa mtoto asafiri. Mtoto mwenye homa, au mwenye kuhara, asipandishwe motokari kwa ajili ya harusi. Kama safari yaweza kungoja, ingoje. Watu wa jamaa wakikasirika kwa kuwa hamkufika, hasira yao itapoa.

Pili, mfundisheni mtoto jina lake lote, jina la baba na la mama, jina la kijiji na la misioni yake. Mtoto wa miaka minne aweza kujua mambo hayo, kama akifundishwa kama wimbo. Kwa mtoto asiyejua kusema vema, andikeni majina hayo katika karatasi pamoja na namba ya simu ya mtu wa jamaa, mkaifunge ndani ya nguo yake. Tena mwambieni hivi: "Ukituona hatupo, usitufuate. Kaa pale pale barabarani salama, au mwendee mama mwenye watoto. Sisi tutarudi." Mkisha kusema hivyo, mjue mmeweka ahadi.

Tatu, kila mtoto apewe mtu mzima mmoja wa kumwangalia, naye aambiwe mbele ya wote. Hapo hapatakuwa na mtu wa kusema, "Nilidhani yuko kwako." Mkubwa aweza kumshika mdogo mkono, lakini msimtwike mzigo wa baba na mama. Dada wa miaka tisa ni mtoto bado.

Nne, chukueni barua ya kuzaliwa kwa mtoto na karatasi yake ya chanjo, mziweke pakavu. Wengi wamepata taabu kwa waganga na kwa walinzi wa njia kwa sababu hawakuwa na karatasi hizo.

Tano, tengenezeni vitu vya njia: bidoni ya maji yaliyochemshwa, chakula kisichooza upesi, kama ndizi, karanga na viazi vilivyopikwa, chumvi kidogo na sukari, chandarua, na nguo ya baridi. Msisahau kwamba katika nchi yetu mtu hupita baridi na joto katika siku moja. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770 tu. Mtoto aliyevikwa kwa ajili ya asubuhi ya Bukavu atachemka saa sita ya mchana katika bonde la Ruzizi, na yule aliyevikwa kwa ajili ya Uvira atatetemeka mlimani.

IV. Njiani

Juu ya mahali pa kukaa. Mtoto asikae juu kabisa ya mizigo, wala ukingoni mwa kamiyo. Katika motokari ndogo akae nyuma, afungwe mkanda kama upo. Mtoto mdogo afungwe katika kiti chake mwenyewe kwa wale wawezao kukipata. Mama asifikiri kwamba mikono yake yatosha. Motokari ikigonga kitu kwa mbio, mtoto hurushwa kwa nguvu ambayo hakuna mikono ya mtu iwezayo kuishinda. Wala msimpandishe watoto watatu na mizigo juu ya pikipiki moja kwa kuokoa franka chache.

Juu ya shofere. Mkimwona amelewa, au anasinzia, shukeni. Nauli iliyopotea yaweza kupatikana tena. Nawe baba uendeshaye motokari yako mwenyewe, pumzika kila baada ya saa mbili, wala usisafiri usiku kama waweza kuepuka. Amri ya Tano yatukataza kuua, nayo yamhusu pia mtu anayeendesha kwa kiburi, akiwa na watoto nyuma yake.

Juu ya kusimama. Kila msimamapo, mwagawe watoto wapate kujisaidia, kunywa na kunyosha miguu. Kabla ya kuondoka, wahesabuni. Msiwahesabu kwa macho tu, bali mtaje kila mmoja kwa jina lake, naye aitike. Fanyeni hivyo hata kama watu wanawacheka. Tena msimwache kamwe mtoto ndani ya motokari iliyofungwa juani, hata kwa muda mfupi, maana joto la ndani hupanda upesi sana, nalo huua.

Juu ya magonjwa. Mtoto mwenye kutapika kwa sababu ya mwendo apewe chakula chepesi, aketi mahali pa hewa, atazame mbele, mbali. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Maziwa ya mama yamtosha, hata wakati wa joto. Mtoto akiharisha, msimnyime maji. Katika lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, mkoroge, mkampe kidogo kidogo mara nyingi, naye anyonyaye azidi kunyonya. Lakini akiwa na damu katika choo, au macho yake yameingia ndani, au hana nguvu ya kunywa, acheni safari, mkamtafute mganga. Vivyo hivyo mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa malaria siku ile ile, msiseme, "Tutafika kesho kutwa."

Juu ya hatari za barabara. Hapo twataka kuwakumbusha msiba mmoja mkubwa. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamiyo yenye kuchukua mafuta ya petroli ilipinduka katika Sange, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Mafuta yakamwagika. Watu wengi wakaja, wengine kwa kutazama, wengine kwa kuteka mafuta, na watoto pamoja nao. Moto ukawaka ghafula, ukakamata watu na nyumba. Walikufa watu zaidi ya 200, na kati yao walikuwamo wanawake na watoto wengi. Hatusemi hayo ili tuwahukumu marehemu wale. Walikuwa watu maskini, na Mungu awapumzishe kwa amani. Twayasema ili kila mzazi aapie moyoni mwake: tukiona kamiyo ya mafuta imeanguka, tutawachukua watoto na kwenda mbali, tusisimame kuangalia, wala tusiruhusu mtu kuwasha moto au sigara.

V. Mioyo ya watoto

Mwili wa mtoto huchoka, na moyo wake huchoka pia. Mtoto aliaye njiani si mtoto mbaya. Hajui kilometa ni nini. Ajua tu kwamba asubuhi mliambia "karibu tutafika," na sasa ni jioni. Basi mwambieni kweli. Mwonyesheni mlima ule, mkamwambie, "Tukiisha kuuvuka, tutakula." Hivyo atakuwa na kitu cha kungoja, naye atajifunza kwamba neno la baba yake ni neno la kweli.

Tena safari ni shule. Kijijini baba huwa shambani, mama huwa kisimani, na jioni wote wamechoka. Njiani mko pamoja siku nzima. Watajieni watoto majina ya mito na milima mnayoipita. Waambieni babu yao alizaliwa wapi, alihama kwa sababu gani, na nani alimpokea. Wafundisheni kumpa mzee nafasi ya kukaa, kumgawia maji jirani, kumsalimu mtu wasiyemjua. Watoto husahau maneno mengi ya wazazi, lakini hawasahau jinsi baba yao alivyosema na shofere siku ile kamiyo ilipokwama matopeni.

Mwanzoni mwa safari fanyeni ishara ya msalaba pamoja, mkawakabidhi watoto kwa malaika wao walinzi. Jioni salini fungu la tano la furaha katika Rozari, yaani Yezu kuonekana Hekaluni. Siku ya Dominika, kama kanisa li karibu, nendeni Misani. Lakini kama mko mbali njiani wala hamwezi kufika, hamna dhambi. Salini pamoja pale mlipo.

Mwishoni twasema neno hili kwa wote, hata wasio na watoto. Mkiona mtoto peke yake barabarani, tueni mizigo yenu. Mkiwa ndani ya motokari, na mzazi akaomba irudi nyuma, msinyamaze kama sisi tulivyonyamaza.

Maulizo

1. Amri ya Nne yawahusu watoto tu?
Hapana, yawahusu wazazi pia, maana Mungu amewakabidhi watoto wao.

2. Maria na Yosefu walifanya nini walipomkosa Yezu?
Walirudi nyuma mara, wakamtafuta kwa uchungu mpaka wakamwona.

3. Mtoto afundishwe nini kabla ya safari?
Jina lake, majina ya wazazi, jina la kijiji na la misioni. Tena akipotea asiifuate motokari, bali angoje.

4. Wazazi wafanye nini kila wanaposimama njiani?
Wawahesabu watoto kwa majina kabla ya kuondoka.

5. Mtu anayeendesha motokari amelewa avunja amri gani?
Avunja Amri ya Tano, kwa kuwa atia hatarini maisha yake na ya wenzake.

Azimio

Juma hili kila baba na mama awafundishe watoto wake majina yote tuliyoyataja, awasikilize mpaka wayaseme bila kukosa. Msingoje siku ya safari.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu, awapeleke salama na kuwarudisha salama. Tumsifu Yezu Kristu!